Difu ya Kati

Gari aliyoileta Khelef kutoka Maskati
ilishuka bandarini Mkoani ingali na nailoni vitini,
na nyuma, kwa herufi za fedha, imeandikwa
kwamba magurudumu yote manne yanavuta.
"Liuze lile kopo la marehemu," akasema kwenye simu.
"Hii nayo si fowili?"

Nikaipeleka Limbani kwa fundi Shaame.
Akajilaza chini yake juu ya boksi lililochanwa,
akakaa huko muda wa mtu kumaliza chai,
akatoka na grisi shavuni.
"Mize, hawakuandika uongo. Lakini si mamoja."

Hii, akasema, siku zote inavutwa na miguu ya mbele.
Ya nyuma inafuata tu, kama mgeni anayesindikizwa.
Mbele ikiteleza, kompyuta inasikia,
inabana klachi ndogo, hapa, karibu na ekseli,
na nguvu inafika nyuma. Sekunde, au pungufu.
Kwa lami iliyolowa, kwa mchanga kidogo wa njiani,
utaishukuru. Na mafuta inanusa tu.

Lile la babako halingoji kuambiwa.
Ukishaliwasha, manne yote yako kazini,
mvua, jua, unakwenda shamba, unakwenda harusini.
Ndiyo maana linakunywa.
Katikati lina difu, kwa sababu kwenye kona
mbele na nyuma hazizunguki duara moja,
lazima kila mmoja aachiwe mwendo wake.
Kwenye tope unasukuma mkono huu, unaifunga,
mbele na nyuma wanakuwa mtu mmoja.
Tena lina gia ya chini, ya kutambaa.
Hii ya kaka'ko haina. Usiitafute.

Sikuliuza. Wala sikulitumia.

Vuli ile mikarafuu ilizaa hadi matawi yakalia.
Magunia sita mabichi yako bondeni Mtambwe,
mvua tangu alfajiri,
na mama yuko huko huko, chini ya turubali,
haondoki kabla ya vikonyo vyake.
Nilikwenda na ile mpya. Kwa uvivu, basi:
viti laini, na mgongo wangu si wa miaka ishirini.

Kilima cha kwanza ikapanda. Nikacheka peke yangu.
Cha pili, udongo mwekundu kama halua haijashika.
Ikasota. Ikabana. Ikasogea hatua mbili, ikasota,
ikabana tena,
mpaka taa ya njano ikawaka mbele yangu:
imepata moto, inaomba kupumzika.
Haikunidanganya. Ilikuja nilipoteleza.
Utelezi ndio uliokuwa mrefu kuliko pumzi yake.

Shaame akalileta kopo, linatoa moshi,
mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya usumba.
Akaniachia usukani. Nikafunga difu, nikatia gia ya chini,
nikaondoa mguu kwenye mafuta kama alivyoniagiza,
likashuka bondeni polepole, likinung'unika,
likapanda na magunia, na vikonyo, na mama,
ambaye alikipapasa kiti na hakusema kitu.

Tulipoingia lami nilisahau.
Kwenye kona usukani ukawa mzito kama nabishana na mtu,
matairi yakapiga kelele, chuma kikagonga chini yetu.
"Fungua!" Shaame akanipigia kelele.
"Pakavu hapa! Waachie, utavunja shafti!"

Usiku Khelef akapiga. Vipi gari?
Ulimini mlikuwa na miaka kumi na mmoja:
nani aliyempeleka mama Chake kila Jumatatu,
nani hutuma pesa siku ile ile akisikia mama kaanguka,
halafu kimya, mpaka aanguke tena.
Nikayashika yote pamoja, kwa nguvu,
nikasikia kitu kinagonga.

"Ilichemka kidogo," nikamwambia. "Kilima kibaya kile."
"Imeharibika?"
"Hata. Ilipopoa, taa ilizimika yenyewe."